Kura Yangu Si Gunia la Mahindi

Neno la msingi: Mwanzo 14:21-24, Marko 6:21-28



Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, lakini sisi wa Kitale na Bungoma hatuhitaji kalenda kujua kwamba unakaribia. Ukiona chopa inatua kwenye uwanja wa shule, ukiona vijana wa boda boda wanajaziwa mafuta bure asubuhi, ukisikia mheshimiwa ambaye si wa huku akianza salamu kwa "mulembe", basi umeshajua. Leo sitawaambia mpigie nani. Hiyo si kazi ya mimbari. Nataka tuulizane swali moja la dhamiri: kura ni ya nani, na je, inaweza kulipwa?

Kwa nini wanatujia sana

Tuanze na hesabu, maana mtu asiyejua kwa nini anapendwa hudanganyika haraka. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 138, inasema anayetaka urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua nusu ya zote 47, yaani kaunti 24. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuingia Ikulu kwa kura za nyumbani kwao peke yake. Lazima atoke, aombe kwa wengine.

Mwaka wa 2022, William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, na marehemu Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Katika nchi nzima! Sasa tazama huku kwetu magharibi. Bungoma ilimpa Ruto kura nyingi. Jirani zetu wa Kakamega wakampa Raila. Trans Nzoia wote wawili walivuna, na gavana aliyechaguliwa hapo, George Natembeya, alitoka chama cha DAP-K, upande wa Azimio. Kwa ufupi, sisi hatutabiriki. Mahali ambapo kura zinajulikana, mgombea hupita akipunga mkono. Mahali ambapo zimegawanyika, ndipo anapolala.

Hii si aibu, na pia si dhambi. Mtu kutafutwa ni heshima. Lakini binti anayeposwa na watu watano wiki moja anahitaji wazee wenye busara kuliko yule ambaye bado hajaposwa. Ndiyo maana naandika.

Swali la kwanza: Nikikula yake, nimefungwa?

Dada mmoja wa kanisa letu aliniuliza hivi: "Mchungaji, wakija na pesa ya mkutano, nikichukua ile mia mbili halafu nimpigie mwingine, nimekosea nani?" Nilimshukuru, kwa sababu hilo ni swali ambalo wengi wanalo na hawaulizi.

Wanaotetea jambo hili wana hoja, na tusiwadharau. Wanasema: kwanza, pesa hiyo ni kodi yetu inaturudia. Pili, hakuna mahali tumetia sahihi. Tatu, mama ambaye hajapata unga wa jioni hawezi kuambiwa habari za dhamiri na mtu aliyeshiba. Na wanaongeza methali, mkono mtupu haulambwi. Basi "kula kwao, kura kwako."

Hoja ya tatu inaniuma zaidi, kwa sababu ni kweli. Mtu anayenunua kura hamfuati tajiri. Anafuata njaa. Kwa hiyo lawama kubwa iko kwake, na kanisa likihubiri dhidi ya mia mbili bila kubeba kapu la unga, limehubiri nusu.

Lakini hoja mbili za mwanzo hazisimami. Kama ni kodi yangu, inatakiwa inirudie kama dawa kwenye zahanati na daraja kwenye mto, na imfikie pia jirani ambaye hakuja mkutanoni. Ikinirudia mimi kwa siri, nimegawiwa kilichoibwa. Na kuhusu sahihi, wapendwa, tunajua jinsi watu wetu wanavyoelewana bila karatasi. Mimi nikinyoosha mkono, nikatabasamu, nikasema "tuko pamoja, mheshimiwa," nimesema neno. Kama moyoni sina nia hiyo, nimedanganya. Kama nina nia hiyo, nimeuza. Hakuna njia ya tatu. Hata serikali imeliona hili: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mtoaji kuwa na hatia, na mpokeaji pia.

Sasa, je, kwa yule ambaye ameshachukua? Hapa wengi wanajifunga kamba wasiyostahili. Wanasema, "Ahadi ni deni, nimekula chake, lazima nimpigie." Wanaona kwamba uaminifu ni kutimiza.

Soma habari za Herode katika Marko 6. Aliapa mbele ya wageni kwamba atampa binti chochote atakachoomba. Binti akaomba kichwa cha Yohana. Herode alihuzunika, lakini kwa ajili ya kiapo na aibu ya wageni, akatuma askari. Alitimiza neno lake! Na hakuna mtu anayemsifu kwa uaminifu. Kwa nini? Kwa sababu aliahidi kitu ambacho hakikuwa chake kutoa. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini ahadi ya kutenda ubaya ni deni ambalo huwezi kulilipa bila kuiba kwa mtu mwingine.

Basi jibu langu kwa dada ni hili: usichukue. Na kama ulishachukua, hudaiwi kura. Unachodaiwa ni toba. Rudisha kama unaweza, au mpe mwenye shida kuliko wewe, halafu ingia kwenye kile kibanda cha kura ukiwa huru. Kile kibanda kina upande mmoja tu ulio wazi kwa Mungu. Hakuna mheshimiwa ndani yake.

Swali la pili: Nani alimpa mzee kura yangu?

Kuna biashara nyingine kubwa kuliko ya mia mbili, na hiyo hufanywa na watu waliovaa suti. Januari 2022, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula waliungana na Ruto. Katika mapatano yao ilitajwa waziwazi kwamba magharibi italeta angalau asilimia 70 ya kura, na wao wapate asilimia 30 ya serikali. Baadaye Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri, na Wetang'ula Spika wa Bunge la Taifa. Sisemi haya kuwashutumu. Upande wa pili nao ulikuwa na mapatano yake, na 2027 itakuja na mengine. Nauliza tu swali la mtu wa kawaida: ile asilimia 70 iliyowekwa mezani, ilitoka kwenye ghala la nani?

Hapa Kitale tunajua biashara ya mahindi. Mkulima akishapeleka magunia yake, ameyapima, ameyahesabu, anaweza kumwambia mnunuzi, "Niko na mia moja." Ni yake, amelima. Lakini hakuna anayeweza kusimama sokoni auze magunia yaliyo kwenye ghala la jirani. Kura yangu si gunia la mahindi katika ghala la kiongozi yeyote. Mungu ataniuliza mimi, hatamuuliza yeye.

Je, basi ni vibaya jamii kukaa pamoja na kujadiliana na mgombea? La, sivyo. Nehemia alisimama mbele ya mfalme akaomba barua za njia na miti ya kujengea, na alipata. Watu wakikaa pamoja wakamwambia mgombea, "Tuambie kuhusu bei ya mahindi, kuhusu mbolea, kuhusu wakulima wa miwa wa Nzoia," hiyo ni haki yao. Ukitaka kujua kama ni mazungumzo au ni biashara, uliza kitu kimoja: kinachoombwa kitamfikia nani? Nehemia aliomba ukuta, na ukuta huwakinga wote, hata wale wasiomjua Nehemia. Kiti kinamkinga anayekikalia.

Tena tukumbuke historia yetu kwa heshima. Michael Kijana Wamalwa, mwana wa Kitale, aligombea urais mwaka wa 1997 na hakushinda. Baada ya uchaguzi wa 2002 akawa Makamu wa Rais, Januari 2003. Furaha iliyokuwa huku, wazee mnaikumbuka. Tarehe 23 Agosti mwaka huo huo alifariki London. Miezi minane haikufika. Zaburi ya 146 inatuonya tusiweke tumaini kwa wakuu, kwa sababu pumzi yao ikitoka, mipango yao inaishia siku hiyo. Mtu mwema kabisa anaweza kuondoka mapema. Ukiwa ulimpigia kura kwa sababu ya jina lake tu, unabaki na kaburi. Ukiwa ulidai shule, unabaki na shule.

Na ahadi za viwanda? Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Tangu hapo kimepanda jukwaani mara nyingi kuliko sisi wahubiri. Siku hizi nikisikia mgombea anataja Webuye, nauliza: pesa zitatoka wapi, nani atasimamia, na itaanza mwaka gani? Akiwa na majibu, tumsikilize. Akiwa na kelele tu, tumpigie makofi ya adabu twende nyumbani.

Kuna hatari moja zaidi. Tukisema "kura za jamii," Trans Nzoia ni ya jamii gani? Kuna Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu, Waturkana, Wateso, na wengine wengi. Mapigano ya miaka ya 1991 hadi 1993 yalifika huku na upande wa Bungoma. Watu walikimbia mashamba yao wakalala kwenye viwanja vya makanisa na masoko. Waliochoma nyumba walikuwa wameambiwa kwamba kura ni ya kabila, na aliyepiga tofauti ni adui. Mtu akianza kukuuliza mbona jirani yako hapigi kura kama sisi, ndugu yangu, hiyo roho tunaijua. Tuikemee mapema.

Swali la tatu: Na sadaka ya mheshimiwa?

Sasa tujihubirie wenyewe, maana hukumu huanza nyumbani mwa Mungu. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa la Anglikana alisema wanasiasa hawatapewa mimbari tena, wakae kama waumini wengine. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza pesa alizotoa Rais katika parokia moja ya Soweto zirudishwe. Machi 2025 ikawa zamu yetu sisi Wapentekoste kuzungumziwa, kwa sababu ya shilingi milioni 20 zilizotolewa kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana wakaandamana.

Wengine wetu tulijibu kwamba mtumishi hakatai mbegu, na kwamba pesa ikifika madhabahuni imetakasika. Naheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu nimejenga kanisa na najua bei ya mabati. Lakini msome Abramu. Alikuwa ametoka vitani, mali ilikuwa halali yake kwa desturi za siku zile. Mfalme wa Sodoma akamwambia achukue. Abramu akakataa hata uzi, hata kamba ya kiatu, ili mfalme yule asije akajisifu kwamba ndiye aliyemtajirisha. Abramu hakusema mali ile ni chafu. Alikataa kwa sababu ya sentensi ambayo mtoaji angeisema kesho yake.

Na angalia uungwana wake: hakuwazuia wenzake Aneri, Eshkoli na Mamre kuchukua fungu lao. Alitawala mkono wake mwenyewe. Vivyo hivyo mimi siwahukumu makanisa mengine. Nasema ya kwetu. Mgombea yeyote akija Jumapili, tumpokee, tumpe kiti, tumwombee kwa jina lake alilobatizwa nalo. Maiki tusimpe. Akitaka kutoa, kikapu cha sadaka kinapita mbele yake kama kinavyopita mbele ya mama anayeuza sukuma wiki, na hakuna atakayesoma kiasi. Mabati yatachelewa. Tutaimba chini ya turubai kidogo zaidi. Lakini siku mheshimiwa huyo atakapokosa, tutakuwa bado na mdomo wa kumwambia, kama Nathani alivyomwambia Daudi.

Tufanye nini basi

Jiandikishe, na siku ikifika upige kura. Kukaa nyumbani ni kumwachia mwingine amana yako. Pima mtu kwa alichofanya alipokuwa na nafasi, si kwa alichosema akiwa juu ya gari. Usiseme jirani yako ni msaliti. Na jioni ya matokeo, awe ameshinda wako au wa mwenzako, mpelekee jirani chai.

Tuombe: Bwana, umetupa sauti ndogo katika nchi kubwa. Tusaidie tusiiuze kwa sababu ya njaa, wala tusiitoe kwa sababu ya hofu, wala tusiinyamazishe kwa uvivu. Uwape wagombea wanaotujia moyo wa kuogopa uso wako. Linda amani ya Trans Nzoia na Bungoma. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni nini tofauti kati ya zawadi na rushwa, kama zote mbili ni mia mbili?
2. Kanisa letu linaweza kufanya nini wiki hii ili mwenye njaa asilazimike kuchukua pesa ya mkutano?
3. Taja jambo moja ambalo ungemwomba mgombea, litakalomfikia hata jirani asiyempigia kura.