Ni Nani Anayefunga Kisanduku?

Mwulize mchora michakato "tendo" ni nini, atakujibu upesi: ni kazi isiyogawanyika tena. Jibu hilo linafuata kanuni za BPMN, lugha ya kuchora michakato ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2011, na mtahini angeliwekea alama ya vema. Shaka yangu iko kwenye lile neno "isiyogawanyika". Linasema kana kwamba kikomo kimo ndani ya kazi yenyewe, kama kokwa ndani ya embe. Chukua kobalti ya Lualaba, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Safari yake kutoka shimoni hadi Musompo, soko la madini nje ya Kolwezi, yaweza kuchorwa kwa visanduku vinne: kuchimba, kuosha, kusafirisha, kuuza. Lakini hapo penye "kuuza" gunia linapanda mizani, jiwe linapimwa kwa Metorex, kile kifaa cha mkononi kinachosoma kiwango cha madini, kisha bei inatajwa na noti zinahesabiwa. Kifaa ni cha mwenye depo, yaani mnunuzi, na wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba kinasoma chini. Ugomvi wote huo umelala ndani ya kisanduku kimoja. Aliyekifunga ameamua, hata bila kukusudia, kwamba hapo hapana la kuuliza.

Atasema mtu: mchoro usio na mwisho si mchoro. Kweli, hata kuhesabu noti kungeweza kukatwakatwa mpaka kufikia kidole kinachozifunua, na asifaidike yeyote. Ila hoja hiyo yenyewe inakiri kwamba kikomo huwekwa na mtu, na aliyekiweka anastahili kuulizwa sababu. Kipimo changu ni hiki: pale mmoja anapotenda jambo ambalo mwenzake hawezi kulihakiki, na maslahi yao yanagongana, kisanduku kifunguliwe. Noti zinazohesabiwa mbele ya macho ya wote wawili zibaki kisanduku kizima, Metorex haiwezi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mchoro ni wino tu, hauongezi kilo wala kupunguza. Lakini mnunuzi wa ng'ambo, ambaye hatakanyaga Kolwezi, huijua hatari kwa kupitia maelezo ya mnyororo wa ugavi, na hatua isiyoandikwa haimjii akilini. Amnesty International, katika ripoti yake ya Januari 2016, ililazimika kuyafuata magunia hadi Musompo ndipo ionekane kwamba wanunuzi hawakuuliza mawe yametoka wapi.

BPMN ina hata alama ya kazi ifanywayo bila msaada wa programu yoyote: picha ya mkono kwenye pembe ya kisanduku. Programu inayoendesha mchakato haijui kazi hiyo imeanza lini wala imeisha lini. Kuosha mawe katika Ziwa Malo, huko Kapata karibu na Kolwezi, kazi ya wanawake na watoto waliosimama majini, kungestahili alama hiyo, na mtahini angetia vema nyingine. Kwenye mchoro, gunia lingeingia chafu na kutoka safi.