Mgahawa Umedumu kwa Ajili ya Nani?

Biashara ikitimiza zaidi ya miaka 100 mahali pamoja, huwa tunaipongeza kwa kudumu tu. Naamini kwanza tuulize imedumu kwa ajili ya nani. Mgahawa wa Rao's ulianza mwaka 1896 huko East Harlem, New York, wakati mtaa huo ukijaa wahamiaji maskini wa Kiitaliano. Ungali palepale, barabara ya 114 na Pleasant Avenue, una meza kumi tu, na kuku wake wa limau bado anasifiwa. Mwaka 1977 mhakiki wa gazeti la New York Times, Mimi Sheraton, aliupa nyota tatu, watu wakafurika. Frank Pellegrino, aliyekuwa akifanya kazi hapo, akawagawia wateja wa zamani meza: kila mmoja na siku yake. Tangu hapo, asiye na meza hupata pa kuketi kwa hisani ya mwenye nayo.

Watetezi wanasema huo ni uaminifu: bila utaratibu huo, wageni wa msimu wangewasukuma nje watu waliokula hapo kabla ya sifa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kufikia wakati huo Waitaliano wengi walikuwa wamehama, na Wapuerto Rico wamejaa mtaani. Majirani hao walikuwa kama waanzilishi wa 1896: watu wa kipato kidogo, ugenini, wakitafuta pa kushika. Uaminifu unaowahusu waliokwisha kuingia tu huwafungia mlango wanaofanana na waliouanzisha mgahawa. Wengine watasema sosi ya Rao's inauzwa madukani tangu miaka ya 1990, kila mtu anaweza kuionja. Ni kweli, ila chupa ya sosi haimketishi mtu karibu na jirani yake.

Wala si lazima ukongwe na umaarufu viishie hivyo. Mgahawa wa Ralph's wa Philadelphia, ulioanza mwaka 1900, ungali mikononi mwa familia ileile, katika soko ambalo sasa lina Wameksiko na Wavietnamu pia, na yeyote anaweza kuomba meza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rao's ikiwaachia majirani hata meza moja kati ya kumi, waaminifu wenye meza tisa zilizobaki hawatapungukiwa, na mtaa utakuwa na haki ya kuuita mgahawa huo wake.