Shahidi Aliye Ndani ya Jiwe

Aliyesogeza mpaka wa shamba la yatima hujituliza: mashahidi wamekufa, jambo limekwisha. Na aitazame ardhi aikanyagayo hapa Bonga, Babati. Imo katika ukanda wa miamba ya kale uendao hadi Msumbiji. Yapata miaka milioni 640 iliyopita mabara yalisukumana, ikainuka milima mirefu, leo imelika. Lakini ndani ya mawe ya granuliti zimebaki chembe za zirkoni zilizofanyika siku zile. Urani iliyomo hugeuka madini ya risasi kwa mwendo maalumu, na kwa hayo wataalamu huujua umri wake. Milima imeondoka, chembe inashuhudia. Basi kufa kwa shahidi si kufa kwa haki. Ewe uliyedhulumu, rudisha ungali hai.