Yule bibi aliyekaa mkekani ni nani?

 

Ndugu zangu Waislamu, mzee anapofariki katika miji yetu ya pwani, matanga yakishaondoshwa watu hukaa kugawa mirathi. Nyumba ina wagombea. Shamba la minazi lina wagombea, hata saa ya ukutani iliyosimama tangu enzi hizo ina wagombea. Sanduku la picha peke yake ndilo halina mtu. Hutupwa stoo likangoja mchwa. Siku mjukuu anapolifungua hukuta wanaume waliovaa majoho na vilemba wamekaa vitini, watoto wamesimama mbele yao, na pembeni, chini mkekani, amekaa bibi mmoja mwenye kanga. Akiuliza ni nani, hujibiwa: "Huyo hatumjui, labda alikuwa mtumishi tu." Majina ya wale wa vitini anatajiwa mpaka babu wa saba.

Najua wapo watakaotaka tuanze na hukumu ya picha yenyewe. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyewahi kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kujuzisha picha za kamera, na wapo wanazuoni wakubwa waliozikataa isipokuwa kwa dharura kama ya pasipoti. Hatutaimaliza hitilafu hiyo katika safu hii. Picha ninazozisema zimekwishapigwa na waliomo wametangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni haki zao kwetu, na zetu sisi kwa sisi.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, ametuelekeza tujifunze katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuwaunga jamaa zetu. Tuuangalie vizuri mpaka uliowekwa hapo. Elimu ya nasaba haikuamrishwa ili mtu apate ukoo wa kujigambia barazani, bali ili amjue jamaa yake amtembelee, amsaidie na amrithi kwa haki. Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha daftari za diwani aliwaita mabingwa watatu wa nasaba, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, wawaandike watu kwa koo zao, kwa sababu kila mtu alikuwa na fungu lake katika hazina. Asiyejulikana ni wa nani huenda akalikosa fungu lake.

Lakini liko jambo zito kuliko mali, nalo ni ndoa. Katika Suratun Nisaa aya ya 23 Mwenyezi Mungu ameharamisha kuoa mama aliyekunyonyesha na dada wa kunyonya, sawasawa na alivyoharamisha wa damu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, manyonyo matano ndani ya miaka miwili ya mwanzo yanatosha kuufunga udugu huo. Sasa, katika majumba makubwa ya zamani ni nani aliyenyonyesha? Mara nyingi alikuwa ni huyo huyo wa mkekani.

Bukhari amepokea kisa cha Uqba bin Harith (r.a.), aliyemuoa binti wa Abu Ihab bin Aziz. Akaja mwanamke mweusi, ambaye katika baadhi ya mapokezi ametajwa kuwa ni mjakazi, akasema kuwa amewanyonyesha wote wawili, mume na mke. Uqba hakuwa na habari hiyo. Alipanda mnyama wake Makka akaenda mpaka Madina kumuuliza Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia maneno yenye maana kwamba vipi ataendelea naye na hali imekwishasemwa. Uqba akaachana na mkewe, na yule bibi akaolewa na mtu mwingine. Wanazuoni wa Kishafi wanataka mashahidi zaidi ya mmoja katika jambo hili, na wameichukua kauli ile kuwa ni ya tahadhari. Hata hivyo, hakuna aliyemwambia Uqba asijisumbue kwa kuwa msemaji ni mtumishi tu.

Basi tufanyeje kumtambua mtu asiyejulikana? Hapa sisi Waislamu hatuna sababu ya kubabaika, maana wanazuoni wa hadithi waliifanya kazi hii karne nyingi zilizopita. Hadithi nyingi husema alikuja mtu mmoja, au mwanamke mmoja aliuliza, bila ya jina. Mtu wa namna hiyo humwita mubham. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), alitunga kitabu kizima cha kuwatafutia majina watu hao, na baadaye Imamu Nawawi akakifupisha. Njia yao kubwa ilikuwa kuitafuta hadithi ile ile kwa mpokezi mwingine ambaye amemtaja mhusika kwa jina. Al-Khatib huyo huyo aliandika kitabu kingine kuhusu watu wanaoshirikiana jina moja hali ya kuwa ni mbalimbali, na sisi wenye akina Salim bin Khamis kila mtaa tunaijua taabu hiyo.

Chukulia picha ya familia ya Zanzibar. Nyuma yake pana muhuri wa Capital Art Studio. Studio ile ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kwa hiyo picha haikuchapishwa kabla ya hapo, ingawa ni lazima kuhakikisha kuwa si nakala ya picha kuukuu zaidi, kwani studio zilifanya kazi ya kunakili pia. Tuseme mtoto aliyepakatwa anajulikana kuwa ni ami yenu aliyezaliwa mwaka 1934, na anaonekana ana mwaka mmoja hivi. Mmekwishaupata wakati wa picha, na yeyote aliyefariki kabla ya hapo ameshatoka katika hesabu. Kanga nayo husema, maana za mwanzo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi zikaja baadaye, ila mtu anaweza kuitunza kanga yake miaka mingi, hivyo usiitegemee peke yake.

Kisha itafuteni picha ile ile kwa mpokezi mwingine! Baada ya mapinduzi ya 1964 jamaa walitawanyika Dar es Salaam, Mombasa na Dubai, na baada ya 1970 wengi wakaenda Oman. Picha moja ilichapishwa nakala nne au tano na kila nyumba ikachukua yake. Yenu haina maandishi, lakini ya shangazi aliyeko Muscat huenda ina mstari mmoja nyuma, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho wajukuu wanakiona kama ni dua na hawakigusi. Mpelekeeni mwalimu wa madrasa akisome. Jina likipatikana, lipimeni na maandishi mengine. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zimehifadhi kumbukumbu za mahakama za kadhi na za mirathi, na Kamisheni ya Wakfu ilianza mwaka 1905. Katika baadhi ya wakfu za zamani wenye mali waliwatengea fungu watumwa waliowaacha huru.

Wako vijana wanaosema kompyuta italinganisha nyuso na kumaliza kazi. Kutazama maumbile kuna asili katika dini. Mujazziz al-Mudliji, bingwa wa kusoma maumbile, aliiona miguu ya Zayd bin Haritha na mwanawe Usama (r.a.) nao wamejifunika nyuso, akasema miguu hii ni ya watu wa damu moja, na Mtume (s.a.w.) akafurahi sana, kwani watu walikuwa wakisengenya kwa vile baba alikuwa mweupe na mwana mweusi. Lakini nasaba ya Usama ilikuwa imethibiti tangu mwanzo, na ushahidi wa miguu ulikuja kuwanyamazisha wasengenyaji. Vivyo hivyo kipimo cha vinasaba. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 2002, lilipitisha kuwa hakiwezi kutumika kuivunja nasaba iliyothibiti kisheria. Pua kufanana na pua si hoja ya kumpa marehemu jina la baba asiyekuwa wake, na Suratul Ahzab aya ya 5 imetuamrisha kuwaita watu kwa baba zao.

Na sasa nirudi kwenye lile neno "labda". Kuna nyumba ambazo bibi wa mkekani anajulikana fika, ila hatajwi. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria hiyo mwaka 1909. Picha ya 1935 inaweza kuwa na mwanamke aliyezaa na bwana wa nyumba kabla ya hapo, na watoto wake ndio hao waliokaa vitini. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni mtoto kamili wa baba yake, anarithi sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Hapakuwa na doa la kufichwa. Aliyelitengeneza doa ni mjukuu, anayeogopa wakwe wakijua kuwa bibi mzaa baba yake alitoka Nyasa au Manyema. Huyu anauandika ukoo mrefu mpaka Hadhramaut, na mama aliyembeba babu yake tumboni anamwita mtumishi!

Wazee wanaoweza kujibu wamebaki wachache, na wengi wao ni wanawake. Wapelekeeni picha wangali wana fahamu, na msiwatajie jina kwanza, kwa kuwa mtu mzima huona haya kumpinga mgeni na ataitikia lolote. Waulizeni mmoja mmoja, kama kadhi anavyowatenganisha mashahidi. Andikeni jina pamoja na la aliyesema, na palipo na shaka andikeni kuwa pana shaka. Na mkishamaliza kuuliza huyu ni nani na yule ni nani, msiinuke mkaaga. Muulizeni bibi katika nyumba ile nani alimnyonyesha nani.