Saa Tuliyoiokoa Ni ya Nani?

Mwaka huu tumepewa mashauri mengi ya kutumia vema wakati. Moja nililijaribu. Alilibuni Francesco Cirillo, mwanafunzi wa Italia, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, kisha kuanza tena. Wala sikujuta, barua zilizolala mezani tangu Kwaresima zilijibiwa.

Lakini alasiri moja bibi mmoja alipiga hodi dakika ya 12, nami kabla ya kumkaribisha nikaitazama saa. Naye akaniona. “Nitarudi siku nyingine, Padre,” akasema. Hajarudi.

Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka hata ikajaza muda iliopewa. Ndivyo, fundi ashonaye upesi huletewa vitambaa zaidi, na saa aliyoiokoa humezwa na cherehani. Kuhesabu dakika si kosa, la hasha! Mchelewaji hula jasho la wenzake. Ila mimi dakika zangu nilimwekea nani, ikiwa si yule aliyesimama mlangoni?

Saa ile nimeirudisha jikoni, ichunge maharage. Kesho nakwenda kumtafuta yule bibi.