Dua ya Kipa wa Pili

Ukiwahi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, nusu saa kabla ya mechi, utamwona mtu mmoja anayetoka jasho kuliko wenzake wote na ambaye, mambo yakienda vizuri, hatacheza. Ni kipa wa pili. Kazi yake muda huo ni kumpasha moto kipa wa kwanza: anampigia mipira ya chini, anampigia ya juu, anamrushia krosi za kushoto na kulia, anamwokotea inayopita. Kila shuti analopiga linamwongezea mwenzake wepesi, na kadiri mwenzake anavyokuwa mwepesi ndivyo yeye anavyozidi kuwa mbali na goli. Kisha filimbi inalia, anavaa koti lake (baridi ya Mbeya mwezi Juni haina utani) na anakwenda kukaa.

Magazeti ya michezo yana msemo wake kwa mtu huyu: anasugua benchi. Ni kejeli, lakini imelenga, maana kusugua ni kazi na benchi halitakati. Jina la heshima ni kipa wa akiba, na hilo ndilo linanisumbua zaidi. Tunasema akiba haiozi. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kutiwa dawa yatatoka ghalani Februari yakiwa mahindi yale yale. Kijana wa miaka 22 ukimweka misimu minne, anayetoka si yule uliyemweka.

Kwa hiyo klabu inapomchagua kipa wa pili, inatafuta mtu wa namna gani? Na ikishampata, ina haki ya kumdai nini? Watu wa mpira huliona swali hili kuwa la ufundi, la urefu wa mikono na uzoefu wa ligi. Mimi naliona la maadili kwanza, na sidhani kwamba linawahusu wapenda soka peke yao. Mhitimu anayejitolea kufundisha mwaka wa tatu sasa, akingoja nafasi ya ajira ambayo itapatikana mtu mwingine akistaafu au akihama, analijua vizuri.

Winga wa akiba ana matumaini ya kila wiki. Dakika ya 70 kocha atamgeukia, atacheza dakika ishirini, ataonekana. Goli halina dakika ishirini za kugawana. Kipa ni mmoja, na kocha mwenye akili hambadilishi ovyo, kwa sababu kipa anayechungulia benchi kila akikosea atakosea tena. Papo hapo, timu haiwezi kukaa bila kipa wa pili. Ndugu zetu wa Comoro walilijua hilo Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon. Makipa wao wote watatu walikosekana katika mechi ya 16 bora dhidi ya wenyeji, kwa majeraha na Uviko-19. Akaingia golini Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, amevaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe. Walifungwa 2-1, tena wakiwa pungufu kwa kadi nyekundu ya mapema, na dunia ikawapigia makofi. Ni hadithi tamu. Hakuna kocha anayetaka imkute.

Basi tunamhitaji mtu ambaye tunaomba tusimhitaji. Yeye mwenyewe anaomba nini?

Tumchukue kijana wa kufikirika. Amepanga chumba Mwanjelwa, ana mtoto mdogo, na bonasi ya ushindi anayopewa ni ndogo kuliko ya waliocheza. Akisema, Mungu nijalie nicheze, ameomba kitu gani hasa? Kipa wa kwanza hutoka golini kwa kuumia, kwa kadi, kwa kuboronga, au kwa kuuzwa. Ukiacha hilo la mwisho, riziki ya kijana huyu ipo ndani ya balaa la mwenzake, mtu anayekula naye meza moja na pengine kulala naye chumba kimoja kambini. Na kwetu jambo la namna hii halibaki moyoni mwa mtu. Kipa wa kwanza akiumia mara mbili katika msimu mmoja, minong'ono inaanza, na kila mtu anajua inamtazama nani. Kijana hajafanya lolote zaidi ya kukaa karibu na nafasi.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, ana kisa cha Demades wa Athene, aliyemtia hatiani mfanyabiashara wa vifaa vya mazishi kwa hoja kwamba anatamani faida kubwa, na faida hiyo haiji pasipo watu kufa. Seneca anaikataa hukumu ile. Kwa hoja hiyo, anasema, wengi wetu tungekuwa na hatia. Hana haja ya kutafutiwa mifano, nyanda zetu zinayo ya kutosha. Mkulima wa mahindi Ismani hupata bei ya kutabasamu mwaka ambao mvua imegoma kwingine. Hatumwiti mchawi. Fundi wa majeneza tunamsalimia kila asubuhi, na msiba ukitupata tunashukuru kwamba mbao alizinunua mapema.

Nakubaliana na Seneca, ila ningesogea hatua moja mbele. Yanayopita moyoni mwa kipa wa pili si mali ya klabu. Klabu ina haki ya kuangalia mashuti anayopiga wakati wa kupasha. Akimpa mwenzake mipira migumu na ya kweli, ile itakayomsaidia saa kumi jioni, amemaliza wajibu wake, hata kama usiku uliopita aliota mwenzake kateguka kifundo. Akimpa mipira ya kubembeleza, huyo ndiye wa kuondoa. Kutamani na kuhujumu ni vitu viwili, na ninashangaa jinsi tunavyovichanganya kirahisi.

Tukivichanganya tunachagua vibaya. Sikiliza sifa anazopewa kipa wa pili siku ya usajili: ana nidhamu, hana makuu, hasumbui, anajua nafasi yake. Zinasikika kama sifa za tabia njema. Ukizichunguza, nyingi ni sifa za mtu ambaye hatampa kiongozi kazi ya kumjibu maswali. Mtu asiyetaka kucheza kabisa atakaa benchi kwa amani ya ajabu, na siku ya kuitwa ataingia na amani hiyo hiyo, apigwe matatu. Anayefaa ni yule anayeumia kila Jumamosi, Jumatatu akafika mazoezini kabla ya wenzake. Huyo atamkera kocha mara moja moja. Atauliza. Mimi ningemsajili huyo.

Na ningependa awe mtu mzima. Hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Klabu zisizo na fedha hupenda kumfanya kijana kuwa wa pili, kwa kuwa ni rahisi kumlipa na hana sauti, halafu zinamwita hazina ya baadaye. Kipa hakui kwa kutazama. Anakua kwa kufungwa magoli ya kijinga mbele ya watu na kurudi tena wiki ijayo. Kijana wa miaka 20 apelekwe kwa mkopo daraja la chini akapigwe mvua na jua. Benchi akae mwenye miaka 34, ambaye alishacheza vya kutosha, anajua anachokubali, na maneno yake kwa kipa wa kwanza wakati wa mapumziko yana uzito.

Najua mtu atanitajia Ally Salim. Aprili 2023 Aishi Manula wa Simba aliumia, na kijana aliyekuwa kipa wa tatu kwenye orodha akajikuta golini dhidi ya Yanga. Simba ilishinda 2-0, moja ya mabao hayo likifungwa na Kibu Denis, ambaye Mbeya tunamkumbuka kwa jezi ya Mbeya City. Siku sita baadaye Salim alikaa tena golini Simba ikiifunga Wydad ya Morocco 1-0. Agosti ile, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani Tanga, alipangua penalti tatu za Yanga. Wamarekani wana Nick Foles wao, mrusha mpira wa akiba wa Philadelphia Eagles, aliyeingia Desemba 2017 baada ya Carson Wentz kuumia na Februari 2018 akabeba Super Bowl pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Hadithi hizi tunazisimulia kwa sababu mlango ulifunguka. Waliokaa nje ya mlango ambao haukufunguka hawana hadithi, na ndio wengi. Halafu tunakatisha simulizi mapema. Simba ilimsajili Ayoub Lakred kutoka Morocco mwaka huo huo, mwaka uliofuata akaja Moussa Camara wa Guinea, na Salim akarudi alikotoka. Subira ilivuta heri, heri ikakaa miezi michache. Sisemi klabu ilikosea, timu kubwa ina hesabu zake. Ila tusimtumie Salim kumnyamazisha kijana anayeuliza lini atacheza.

Mfano ulio karibu zaidi na Mbeya, na usio na fataki, ni Beno Kakolanya. Alitoka Tanzania Prisons kwenda Yanga mwaka 2016, kisha 2019 akaenda Simba, ambako Manula alikuwa golini na timu ya taifa ilikuwa yake pia. Alikaa hadi 2023. Alipoitwa alidaka, mechi ikiisha akarudi kukaa. Kipa wa uwezo wake angekuwa wa kwanza katika klabu nyingi za ligi ile. Alichagua kuwa wa pili mahali pakubwa, na sioni kwamba mtu mzima akichagua hivyo kwa macho mawili tuna la kumhurumia. Neno lenye uzito hapo ni kuchagua.

Kuchagua kunahitaji sakafu ya kusimamia. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na tangu zamani wachezaji wake wengi wamekuwa askari. Kipa wa pili mwenye namba ya ajira anaweza kusubiri kwa heshima, kwa sababu hata asipogusa mpira msimu mzima, mwisho wa mwezi unamjua. Lipuli ya Iringa, timu ya watu, haikuwa na kitu cha namna hiyo nyuma yake. Tunapomsifu mmoja kwa uvumilivu na kumlaumu mwingine kwa papara, mara nyingi tunalinganisha mikataba, tukidhani tunalinganisha roho.

Kwa hiyo deni la kwanza la klabu kwake ni ukweli, siku ya kusaini, kwa maneno yasiyo na mapambo: wewe ni wa pili, wa kwanza ni fulani, atatoka kwa sababu hizi na hizi. Louis van Gaal alikuwa na deni hilo pia kwa upande wa pili. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica zikielekea kwenye penalti, alimtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul, aliyepangua mbili wakashinda 4-3. Krul alikuwa ameandaliwa. Cillessen hakuwa ameambiwa lolote, na akatoka kwa hasira mbele ya dunia nzima. Kocha alikuwa na sababu: asingependa kipa wake acheze dakika 120 akiwaza hilo. Bado naona alimtumia mtu kama ngazi.

Deni la pili ni mechi, na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Makocha wengi humwambia kipa wa pili: ligi ni ya mwenzako, kombe ni lako. Ni mpango mzuri hadi kombe linapokuwa kubwa. Tarehe 1 Juni 2019 Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam kwenye Uwanja wa Ilulu, Lindi, ikafungwa 1-0. Mshindi alikuwa anakwenda mashindano ya Afrika. Kwa mji kama Iringa, hiyo ni mechi ya kizazi. Sasa tuseme klabu ya namna hiyo imefikishwa fainali na kipa wa pili, kwa ahadi. Wa kwanza yuko mzima na ni bora, kila mtu anaona. Anakaa nani golini?

Mashabiki waliopanda basi kutoka nyanda za juu hadi Lindi wana haki yao, na hawakumwahidi mtu chochote. Hoja hiyo naihesabu kuwa nzito. Jürgen Klopp aliipima Februari 2022, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, akamwacha Alisson nje na kumpanga Caoimhín Kelleher aliyekuwa amecheza njiani. Liverpool ilishinda kwa penalti 11-10, Kelleher akifunga ya kwake. Matokeo yalimpendeza kila mtu, lakini uamuzi ulikuwa sahihi tangu saa ya kupanga timu, na ungebaki sahihi kama wangefungwa. Ahadi ile hutolewa mwanzoni mwa msimu na kocha anayejua kabisa kwamba kombe lina fainali. Kama hawezi kuilipa, aseme hapo hapo mwanzoni kwamba ahadi yake inaishia nusu fainali, kijana aamue kusaini au kwenda kutafuta goli kwingine, Songea, Njombe, popote lilipo wazi. Na kama amekwisha kuitoa bila masharti, halafu wiki ya fainali akashindwa kuistahimili, amfuate chumbani kwake mwenyewe, jioni kabla orodha haijabandikwa, amwambie uso kwa uso; asimtume kocha wa makipa.