Sarafu Yenye Kasoro na Haki ya Asiyejua

 

Ndugu Waislamu, wako watu wakusanyao sarafu zilizopigwa kwa makosa. Sarafu ya namna hii ni ile ambayo kiwandani mtambo uliteleza: chapa ikakaa upande, au uso ukapigwa mara mbili. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919, zilikuwa na tundu katikati. Basi ile iliyopita bila kutobolewa, au ambayo tundu lake lilikwenda pembeni, ni adimu, na mkusanyaji huinunua kwa bei kubwa. Kasoro ambayo katika nguo na chombo hushusha bei, hapa huipandisha.

Kukusanya kwenyewe hakuna ubaya. Senti hizo zilikuwa za shaba, na zilikwisha kuondoka katika matumizi. Leo ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Ama shilingi itumikayo sasa, kuiuza kwa shilingi nyingi zaidi kuna swali la riba, na mwenye kutaka salama aulize kabla ya kuuza.

Swali letu ni jingine. Tuseme mjane wa Kongowea ana kopo la senti alizoachiwa na marehemu mumewe. Anabisha hodi mkusanyaji, anamimina kopo mkekani, anaona senti 10 isiyo na tundu, ananyamaza. Ananunua kopo zima kwa bei ya pakiti ya unga, na mama anamshukuru. Je, amemdhulumu?

Mnunuzi atasema: sikumlazimisha, wala sikusema uongo, na ujuzi wangu nimeutaabikia miaka mingi. Neno lake lina uzito. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kupunjika peke yake, pasipo hadaa, hakumpi muuzaji hiari ya kuvunja biashara. Kadhi hatalirudisha kopo.

Lakini Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Na hapo Imamu Shafii alimpa muuzaji hiari, akiisha kuona kuwa amepunjika. Tutazame sababu yake: mmoja anaijua bei, mwenziwe hana njia ya kuijua, naye anawahiwa kabla hajaipata njia hiyo. Yule mjane hakuwa msafara, wala hatusemi hukumu ni moja. Lakini hali zao zafanana, na moyo wa mcha Mungu huona kufanana huko.

Zaidi ya hayo, twamkumbuka Sahaba Jarir bin Abdillah. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamwendea mwenyewe, akamwambia farasi wako ana thamani zaidi, akamwongezea mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, alijibu kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Jarir hakulazimishwa na kadhi yeyote.

Basi mkusanyaji afanye nini? Aseme: mama, hii moja si kama wenzake, na watu huinunua. Kisha wapatane. Faida achukue, kwani jicho lake lina ujira. Ila faida itoke katika ujuzi wake, isitoke katika kiza cha mjane. Na anayeziba tundu kwa risasi ili auze kosa la kutengeneza, huyo hana la kuuliza: hiyo ni ghishi iliyo wazi.

Na ninyi mlio na makopo ya wazee nyumbani, msimuuzie wa kwanza abishaye hodi. Waonyesheni wawili watatu wenye kujua, kisha ndipo mtaje bei.

Wabillahi tawfiq.